Anayesuka kwa Bei ya Chini Analipwa na Nani?

Iwe uko Kabanga unafunga duka, uko Nyakanazi unasubiri basi, au uko Rulenge unamenya ndizi za chakula cha usiku, karibu. Leo nazungumza na wasusi. Nazungumza pia na wapambaji wa maharusi, wabandika kucha na kope, wachora hina na piko, wote wanaobeba mkoba wa vitana na kumfuata mteja nyumbani kwake. Mwenye saluni ya fremu naye asizime redio, maana atatajwa.

Malalamiko tunayajua. Mteja anapiga simu, unamtajia bei, anakaa kimya kidogo, kisha anasema: "Dada, mbona yule wa stendi anachukua nusu ya hiyo?" Na ni kweli, anachukua nusu. Hapo wasusi wengi wana majibu mawili. Kuna anayeshusha bei huku amenuna, akaenda kusuka kichwa kizima kwa hasira, nywele zikavutwa mpaka mteja hawezi kufumba macho. Na kuna anayekataa, halafu akashinda barazani akimsema vibaya aliyeichukua kazi. Mimi nasema kabla ya kushusha bei, na kabla ya kusengenya, liko swali la kuuliza. Yule anayesuka kwa nusu bei, analipwa na nani? Maana mteja kamlipa nusu. Ile nusu nyingine lazima kuna mtu anaitoa.

Twende kwenye hesabu. Tuseme umeitwa kijiji cha jirani kusuka rasta za mtindo wa kawaida. Rasta ni za mteja, ufundi wako, mmekubaliana shilingi 12,000. Piki ya kwenda na kurudi 4,000. Jeli, mafuta, uzi na vikorokoro vingine 2,000. Mkononi zinabaki 6,000. Ukimwuliza msusi leo amepata ngapi, atakuambia elfu kumi na mbili, kwa sababu zile elfu sita za nauli na vifaa hazihesabu kabisa. Sasa hesabu saa. Kusuka ni saa sita, kama mteja hainuki kila mara kwenda kuangalia maharage jikoni. Njiani, pamoja na kumsubiri amalize kufua, saa mbili. Elfu sita ukigawa kwa saa nane unapata shilingi 750 kwa saa.

Ni nyingi au ni kidogo? Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini katika sekta ya biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Sheria ya ajira nayo inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni kama saa 195. Gawanya mwenyewe: inakuja 769 kwa saa. Kwa hiyo fundi mwenye ujuzi wa miaka, anayejinunulia vifaa na kujitafutia wateja, anaambulia chini ya mtu aliyeajiriwa juzi kupanga bidhaa dukani. Na hapo tunazungumzia ile bei ambayo mteja aliiita ghali. Ishushe sasa iwe nusu, yaani 6,000. Toa piki, toa vifaa. Imebaki sifuri. Umesuka saa sita, na mshahara wako ni chai ya mteja na mhogo wa kuchemsha.

Basi yule wa stendi anaishije?

Wako wengi, na si wa aina moja. Yupo binti anayekaa kwa wazazi wake. Hanunui unga, halipi kodi ya nyumba, na elfu tano ya kusuka kwake ni vocha na mafuta ya kupaka. Anayelipa ile nusu nyingine ni mama yake, kila jioni anapopakua chakula. Yupo mama mwenye migomba yake na shamba la maharage, anayesuka barazani baada ya kutoka kulima. Huyo wateja humfuata, hana nauli, na siku mvua ikinyesha anasuka, siku ya kupalilia hasuki. Bei yake ni ya haki kabisa kwa mtu mwenye chakula shambani. Usimchukie, wala usijaribu kumfikia, kwa sababu wewe unayepanga chumba Ngara Mjini au Biharamulo na kununua kila tonge unaloweka mdomoni huna shamba la kukusaidia kubeba bei yake.

Yupo pia anayekula mtaji. Amekopa, anasuka kwa bei ya kutupa ili apate wateja haraka, anarudisha marejesho kwa mkopo mwingine, na ile mikopo tunayoiita kausha damu haikuitwa hivyo kwa utani. Huyo usishindane naye. Mwache, baada ya muda utasikia anauza draya, nenda ukainunue. Na ukitafuta pesa ya kununulia, ulizia kwanza halmashauri mikopo ya ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Inataka kikundi, na kikundi kinataka uvumilivu, najua. Lakini haikaushi damu.

Sasa mwenye saluni ya fremu. Usije ukadhani anakuonea. Yeye analipa kodi ya fremu kila mwezi, iwe wateja wamekuja au wamekwenda kuvuna. Ana leseni ya biashara. Analipia LUKU ya draya na pasi ya nywele, ambayo wewe ukiwa nyumbani kwa mteja unaichomeka kwenye umeme wa mteja na kunyamaza. Ukimwuliza yeye, atakuambia anayeharibu bei mjini ni wewe. Na ana hoja. Ila naye akisuka kwa bei ya chini, kinachomwezesha mara nyingi si ufundi, ni vitu viwili. Kwanza, anauza rasta na mawigi papo hapo, na faida yake iko kwenye rasta. Kusuka ni chambo tu cha kumleta mteja kitini. Pili, ana wanafunzi.

Hapa pana jambo zito, tukae kidogo. Mteja akikaa kwenye kiti cha saluni ya stendi, wanamzunguka mabinti watatu. Mmoja anagawa nywele, mmoja anaanza nyuma, mmoja upande. Kichwa cha saa sita kinaisha kwa saa mbili. Wawili kati ya mabinti hao aghalabu hawalipwi. Wengine wao ndio wanaolipa, ada ya kujifunza. Nusu ya bei inayokosekana kwa mteja inatoka mikononi mwao. Sisemi ni dhambi, ndivyo ufundi unavyopokezana huku kwetu, kuanzia gereji mpaka cherehani. Lakini ukimwona mwenye saluni amesuka vichwa vinne kwa siku kwa bei ya chini, ukaenda nyumbani ukataka kufanya kama yeye kwa mikono yako miwili, utaugua mgongo.

Na wale mabinti watakua. Siku binti akishajua, anafungua chake hatua ishirini kutoka kwa mwalimu wake, na tangazo lake la kwanza ni bei pungufu. Mwalimu analia kuwa amesalitiwa. Kilio hicho ni cha zamani kuliko lami ya Rusumo. Kule Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwepo mama mmoja akiitwa Annie Turnbo, baadaye Malone, aliyetengeneza dawa za nywele za wanawake weusi na kuziuza nyumba kwa nyumba. Miongoni mwa mawakala wake alikuwepo mfua nguo mmoja, Sarah Breedlove. Sarah aliuza kwa ajili ya Annie, akajifunza, akaondoka, na mwaka 1906 akaanza kuuza dawa yake mwenyewe kwa jina la Madam C.J. Walker. Mwaka huohuo Annie alisajili jina la biashara yake, Poro, ili wanaomwiga wasilitumie. Ugomvi wao ulikuwa mkali. Ila angalieni: wote wawili walitajirika, na wote wawili walianzia kwenye milango ya watu, si kwenye fremu. Mimi ninachokipenda kwa Annie ni kwamba alihangaikia jina lake. Mwanafunzi anaweza kuondoka na mtindo wako na wateja wako watatu, lakini jina haliwezi kupanda piki pamoja naye, isipokuwa hujawahi kuwa nalo.

Tuvuke mpaka sasa, kwa wale wa Kabanga na vijiji vinavyotazamana na Burundi. Nyinyi mna mshindani ambaye wenzenu wa Biharamulo hawamjui. Anakaa ng'ambo, upande wa Kobero, na bei yake anaitaja kwa faranga. Faranga ya Burundi imekuwa ikishuka. Mei 2023 Benki Kuu yao iliishusha rasmi, kwa kiwango kikubwa, na wabadilisha fedha wa mpakani walikuwa wameshaishusha kabla ya benki. Faranga ikianguka, msusi wa Kobero anaweza asibadilishe bei hata kidogo, lakini kwa mteja mwenye shilingi mkononi bei hiyo imeporomoka. Hajakupiga vita. Hata yeye hajui kuwa amekuwa rahisi. Anachojua ni kwamba sabuni imepanda. Anayelipa ile nusu nyingine ni yeye mwenyewe, kwa jasho lililopungua thamani usiku akiwa amelala.

Kwa mtu wa Kabanga mantiki yake ni hii. Kitu ambacho Burundi inaagiza kutoka nje, kama rasta zinazopitia bandari ya Dar es Salaam na kuvuka hapohapo mpakani kwenu, hakiwezi kuwa rahisi kule kuliko huku. Kinachokuwa rahisi ni mikono. Kwa hiyo kwenye mitindo inayokula saa nyingi, rasta nyembamba za kuchosha, utashindwa, usijisumbue. Lakini kwenye kazi ambayo vifaa ni vingi na mikono ni michache, kuweka dawa, kuunga nywele, kubandika kucha, yule wa ng'ambo hana nafuu yoyote ya kukupita. Mwanamke wa mpakani anayejua kuangalia kibao cha wabadilisha fedha asubuhi anajua pia siku hiyo atangaze kazi gani.

Yuko mshindani mmoja wa mwisho, na huyu simtetei. Anakufanyia usafi wa uso kwa bei ya soda, anakupaka kitu kutoka kwenye kopo lisilo na maandishi, uso unang'aa kwa wiki mbili. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, na vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni au steroidi haviruhusiwi. Vinaingia hata hivyo. Sisi tuko kwenye kona ya nchi inayopakana na mbili nyingine, vichochoro ni vingi. Kwa huyu, ile nusu ya bei inalipwa na mteja mwenyewe, ila analipa baadaye, kwa ngozi. Ukiwa mpambaji wa nyumbani unayetumia vitu halali, usilieleze jambo hili kwa kumtaja mtu. Fungua mkoba wako mbele ya mteja, toa kopo, mwonyeshe jina, nembo na tarehe ya mwisho wa matumizi, acha aisome. Nyumbani kwake ana muda wa kusoma. Kwenye foleni ya saluni hana.

Hapo ndipo nataka tufike: nyumbani kwake. Kwa nini mteja anakuita nyumbani? Jibu hilo likikosekana, bei yako itakuwa ya kubahatisha milele. Hakuiti kwa sababu wewe ni msusi hodari kuliko wote wa wilaya. Wengine hawajui hata kama wewe ni hodari. Muuguzi wa hospitali ya Murgwanza aliyetoka zamu ya usiku anakuita kwa sababu akikaa kwenye benchi la saluni saa tatu akisubiri zamu yake atalala na kuanguka. Mama mwenye duka Kabanga akilifunga Jumamosi mchana, siku ya watu, amepoteza zaidi ya hizo elfu nne za piki mara kumi. Ukimsukia nyuma ya kaunta, anauza huku anasukwa. Yupo aliyejifungua na yuko ndani ya arobaini yake. Yupo mgonjwa. Yupo mama wa Kiislamu anayevaa ushungi, ambaye hawezi kuvua kichwa kwenye saluni ya kioo mbele, wanaume wakipita na mikokoteni. Na yupo tu mtu asiyependa kusikia umbea wa watu wengine huku akijua kesho ni zamu yake kusemwa.

Hawa wote wanachonunua ni muda, au faragha. Wewe ukifika unaanza kujitetea kuwa rasta zako zinakaa muda mrefu kuliko za fulani. Hawajauliza hilo. Na ukimlinganisha mama mwenye duka na binti wa chuo anayetafuta bei ya chini kabisa, ukawapa bei moja, mmoja umempunja na mwingine umemfukuza. Binti wa chuo mwelekeze kwa yule mama wa barazani, kwa moyo mweupe. Atakukumbuka siku ya harusi yake.

Sasa bei itajwe vipi. Nina ushauri mmoja ambao ningependa muuchukue hata kama mengine mtayaacha: tenganisha ufundi na nauli. Ukisema "elfu kumi na mbili", mteja anaiweka sambamba na elfu nane ya saluni na wewe umeonekana mwizi. Ukisema "kusuka elfu nane, nauli elfu nne", jumla ni ileile, lakini sasa mnalingana na saluni, na ile elfu nne mteja anaielewa, maana hata yeye angepanda piki kwenda mjini. Tena umempa la kufanya. Anaweza kukwambia atakuja yeye. Anaweza kumwita shemeji yake na jirani yake, mkasuka vichwa vitatu kwa siku mbili kwa nauli ndogo ya kila mmoja, nawe umepata kazi tatu kwa safari mbili. Huko vijijini Nyakahura au Murusagamba, ambako nauli inaweza kuzidi ufundi wenyewe, bila mpango huo wa majirani kukusanyika huwezi kufanya biashara ya kumfuata mtu. Utabaki mjini ukigombania wateja walewale.

Wala msione haya kuwa na bei tofauti kwa mahali tofauti. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta, wilaya kwa wilaya, na Kagera yetu, kwa umbali wake na bandari ya Dar es Salaam, ni miongoni mwa sehemu za bei ya juu. Dereva anajaza tangi, anaguna, anaondoka. Hajamwita mwenye kituo mwizi, kwa sababu bei imetangazwa na sababu yake anaijua: barabara ni ndefu. Nawe tangaza. Andika kwenye karatasi, ipige picha, iweke kwenye hali yako ya WhatsApp: mjini nauli kiasi hiki, Benaco kiasi hiki, Rulenge kiasi hiki. Bei iliyoandikwa inabishaniwa mara chache kuliko bei iliyotamkwa kwa sauti ya kusitasita.

Na kwenye nauli hiyo kuna jambo lisiloandikwa. Wakubwa wenzangu wanakumbuka miaka ambayo mabasi yalipita mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Hali imebadilika sana, na sehemu ya mapori hayo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Lakini mwanamke akiwa peke yake nyuma ya piki, saa mbili usiku, kwenye barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo yenye malori tangu mwanzo hadi mwisho, yuko hatarini hata bila jambazi. Mteja anayetaka usuke mpaka usiku alipie gari, au akuandalie kitanda kwa heshima, au kichwa kimaliziwe kesho. Nusu kichwa kikifungwa kilemba kinavumilika. Kila nikisikia msusi aliyerudi saa nne usiku kwa sababu aliona aibu kusema "nyongeza ya jioni", nakasirika, na simkasirikii mteja peke yake.

Nije kwenye misimu, maana bei ya Februari na bei ya Agosti haziwezi kuwa moja kwenye wilaya ambazo pesa inatoka shambani. Kahawa inaanza kuchumwa Mei, maharage yana misimu yake miwili, na pesa ikiingia kijijini unaiona kwenye vichwa kabla hujaiona benki. Kisha kuna kalenda ya kanisa. Sisi wa Jimbo la Rulenge-Ngara tunajua Kwaresima harusi zinakauka, na baada ya Pasaka zinafunguka kama mfereji. Desemba watoto wa watu wanarudi kutoka Mwanza na Dar es Salaam wakiwa na nywele za kufumuliwa na kusukwa upya. Novemba, kidato cha nne wakimaliza mtihani, mabinti waliokuwa wakinyolewa miaka yote ya shule wanaanza kufuga nywele, na mtu wa kwanza kuwasuka aghalabu ndiye wanayebaki naye. Kwaresima ndiyo ya kupunguza bei, ukiwa huna kazi, kwa siku za katikati ya wiki. Agosti na Desemba usipunguze hata kwa machozi. Ninaona wengi wanafanya kinyume: wakati wa ukame wanashikilia bei kwa kiburi, wakati wa mavuno wanapokea kila simu kwa bei ileile mpaka vidole vinavimba.

Harusi zina jambo lake jingine, nalo ni kamati. Bibi harusi mmeelewana naye vizuri, amekuonyesha picha, amekubali bei. Halafu bajeti inafika kwenye kamati, na mwenyekiti, ambaye nywele zake mwenyewe ziliondoka zamani, anauliza kwa nini kumpamba mtu kwa saa tatu kunazidi bei ya mbuzi. Kamati haina ubaya, inalinda michango ya watu. Ila inakata pale isipopaelewa. Usipeleke mstari mmoja ulioandikwa "saluni". Andika: nywele, uso, kucha, hina, matroni, nauli ya alfajiri, kubaki ukumbini kumrekebisha. Hapo wakitaka kukata watakata kucha za matroni na si nusu ya jasho lako. Na pokea advansi. Bila advansi, siku tatu kabla ya harusi atatokea binamu aliyerudi kutoka Kahama anayejua kupamba, na atapamba bure, na bure hakuna anayeweza kushindana nayo.

Wapo wanaoniambia dawa ni wasusi wote wa mji kukaa kikao, wakapanga bei moja, na atakayeshusha atozwe faini. Nawaelewa. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na hata ingeruhusu, kikao hicho kikifanyika Jumatatu, ifikapo Jumamosi mchana kuna mtu atakuwa amesuka kwa siri jikoni. Vikundi viwepo kwa kazi nyingine: kununua rasta kwa jumla kutoka Kahama au Mwanza badala ya kila mmoja kununua pakiti mbilimbili dukani, kukopeshana draya, kupeana wateja siku umeitwa sehemu mbili. Kwa mwenye ujuzi bila cheti, VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Cheti ukutani hakimvutii mteja wa elfu tano. Kamati ya harusi inakiangalia.

Limebaki swali ambalo kila nikizungumzia bei lazima nitumiwe, nalo ni la ndugu. Mama mdogo anataka kusukwa. Shangazi anataka kusukwa, na ana binti zake wawili. Mwanakwaya mwenzako, mwenzako wa VICOBA, mke wa mwenyekiti wa kitongoji. Kuwatoza bei kamili huwezi, na anayekushauri uwatoze hajaishi Ngara. Mji wenyewe ni mdogo, habari itafika kwa baba yako kabla hujashuka kwenye piki. Lakini kwa ndugu zako anayelipa ile nusu nyingine ni wewe, na hapo una haki ya kuchagua siku ya kulipa. Nenda kwa shangazi, mwamkie, kula chakula chake, msuke vizuri kuliko anayelipa, chukua atakachokupa, usihesabu mbele yake. Ila akitaka Jumamosi ya Agosti, mwambie ukweli kwa adabu zote: shikamoo shangazi, Jumamosi nina bibi harusi, nitakuja Jumanne asubuhi, na nauli nitajilipia mwenyewe.